Sayari ya Visima vya Mvuke

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natanguliza salamu mapema, kabla hujasema watoto wa mjini tumesahau adabu. Mimi mzima, na Mama mzima isipokuwa magoti, ambayo siku hizi anayasema vibaya kama wapangaji wakorofi. Kazini kwangu ni meno ya bandia kama kawaida. Wiki hii mzee mmoja alijaribu seti niliyomtengenezea, akajitazama kwenye kioo, akaomba niyapindishe kidogo, eti yakinyooka hivyo mkewe hatamtambua. Mkaza mjomba naye hajambo? Mwambie kikapu chake bado ninacho.

Nimekupigia simu mara nyingi, inaita mpaka inachoka. Ndiyo maana unaona barua.

Jambo lenyewe ni hili. Unaijua riwaya yangu ya watu waliohamia sayari nyingine, ile ninayoiandika jioni nikitoka kazini miaka yote hii. Mchapishaji alishaikubali, tukacheza jikoni mimi na Mama na magoti yake. Juzi mhariri akaniita ofisini. Akasema watu wangu anawapenda, lakini sayari yao ni mchanga mwekundu mtupu, na sayari za mchanga mwekundu amezisoma mpaka anauhisi kwenye soksi. "Hapa pako hajawahi kuishi mtu," akaniambia. "Nenda ukanitafutie mahali." Amenipa mpaka mwisho wa Juni. Nikishindwa, nafasi yangu anapewa mwandishi mwingine, na sioni ni nani atakayenipa nyingine.

Nilitoka nimenuna. Nikiwa kwenye ngazi ndipo nikakumbuka kwenu, visimani, mnakofua umeme kwa mvuke wa ardhini. Mama alinihamisha nikiwa mdogo, lakini nakumbuka mvuke mweupe ukitoka ardhini bila moto, na ardhi ikinichoma miguu kupitia ndala. Nilidhani dunia nzima iko hivyo. Tulipofika mjini nikaweka kiganja chini, nikakuta pamepoa, nikamuuliza Mama kama ardhi ya huku imekufa.

Mjomba, niandikie habari za huko. Chochote utakachokumbuka.

Mpwa wako


1 Machi

Mpwa wangu, Mama Maswali,

Marahaba. Barua yako ilikaa sana ofisini kwa sababu karani alidhani ni ya malalamiko. Sisi hatujambo. Paka amezaa ndani ya buti langu la kazini na sasa naenda kazini na viatu vya Jumapili. Mke wangu anasema kikapu kile hukuazimwa, ulikiiba. Dada yangu mwambie apake magoti yake mafuta, na aache kupanda ngazi za jirani kufuata umbea.

Simu yangu ni mbovu. Mtandao nao huku unakuja ukipenda. Barua ni nzuri zaidi, haikatiki katikati.

Kuhusu hiyo sayari, nimecheka peke yangu. Huku kuna matope, mabomba na harufu ya mayai yaliyooza. Nani apande chombo cha angani, asafiri umri wake wote, halafu ateremkie harufu ya mayai? Wapeleke mahali penye bustani. Au andika kuhusu meno, ndiyo unayoyajua.

Nilikusudia kuishia hapo. Lakini mke wangu, ambaye amesoma barua yako bila kuombwa, anang'ang'ania nikueleze habari za jiko lake. Limehama tena. Unalikumbuka lilikuwa upande wa nyuma. Mvuke ukatoboa sakafu chini ya meza, tukaamka tukakuta viazi vimeivia ndani ya gunia. Tukahamia upande wa barabara, na sasa huko nako sakafu imeanza kupata joto. Yeye anafurahi, maana unga wa mkate unaumuka kabla hajamaliza kunisema. Ndivyo huku kulivyo, ardhi hailali mahali pamoja. Asubuhi kila mtu huweka kiganja sakafuni kabla ya kutia miguu chini, kujua kama nyumba bado iko pale alipoiacha jana. Wageni hudhani tunasali.

Basi. Hizo ndizo habari za matope.

Mjomba wako


26 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama anashukuru kwa ushauri wa mafuta na anasema umbea haumfuati mtu, mtu ndiye anayeufuata. Kikapu nilikiazima. Paka apewe hongera.

Umenitupia habari za matope, nami nimeziokota zote. Mchanga mwekundu nimeufuta. Sasa watu wangu wanashuka kwenye chombo chao wakikuta bonde linalotoa mvuke, na kitu cha kwanza wanachojifunza ni kuweka kiganja chini asubuhi. Majiko yao yana magurudumu. Kuna mama mmoja ambaye jiko lake limehama mara nyingi kuliko chombo chenyewe, na analisifu kwa majirani. Sijabuni kitu, Mjomba, nimeinua tu nyumba yenu nikaiweka juu ya nyota nyingine. Cha ajabu ni kwamba imekaa vizuri zaidi kuliko kila nilichokuwa nakibuni. Zamani nilikuwa nafumba macho ili nione sayari. Sasa nayafumbua.

Nimebakiwa na jambo moja linalonisumbua. Nakumbuka siku za kufungua kisima, ule mngurumo usiomwacha mtu asikie hata mawazo yake, na nyinyi wote mkiongea kwa mikono. Nakumbuka uligombana nami kutoka ng'ambo ya uwanja bila kufungua mdomo, na nikaelewa kila kitu. Mama alikuwa anapika kantini, naye alikuwa akiongea nanyi kupitia dirisha. Nikimuuliza leo, anaificha mikono chini ya kanga na kusema huku mjini watu watamwona kichaa. Nieleze wewe.

Halafu jambo jingine. Mama amepiga simu, mkaza mjomba akapokea, akasema unaoga. Kesho yake unaoga. Jumapili tena unaoga. Mjomba, unajiandaa kwa harusi ya nani?

Mpwa wako


30 Aprili

Mpwa,

Marahaba. Nimechelewa, nilikuwa na kazi. Watoto wa paka wamefumbua macho. Mvua hakuna, lakini mvuke haujali.

Mikono hiyo hapa. Kufungua kisima ni ngumi inayofumbuka taratibu. Kufunga ni kupitisha mkono chini ya pua mara mbili, maana kisima kikifungwa harufu nayo inakatika. Chakula tayari ni kugonga kiwiko. Utani ni kujivuta sikio, ili mtu asije akakuamini. Na mtu akikuambia jambo ukalipata, unaweka kiganja kifuani. Hiyo maana yake ni "nimesikia". Kisima kikinguruma hukisikii kwa masikio, unakisikia kifuani, kwa hiyo na maneno tukayahamishia huko huko.

Ishara ya kumnyamazisha mtu hatuna. Hatujawahi kuihitaji.

Nikupe na kichekesho. Alikuja afisa mkubwa kutoka makao makuu kutuhutubia. Amesimama kwenye jukwaa, kipaza sauti mkononi, mafua yamemkamata. Akajifuta pua kwa mkono, mara ya kwanza, mara ya pili. Mimi niko juu kwenye vali inayofungua na kufunga mvuke, namtii mkubwa wangu. Nikafunga kisima. Taa zikazimika mpaka mjini, na kipaza sauti nacho kikakata katikati ya neno "maendeleo". Wenzangu walijivuta masikio wiki nzima.

Siku hizi sipo kwenye vali. Nimehamishiwa ghalani, natoa boliti na glavu. Ni kazi nzuri, ina kivuli.

Mjomba wako


27 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mkaza mjomba hajambo? Mama hajambo, lakini leo hajala.

Naanza na mhariri. Sayari ameipenda. Amesema alipomaliza kusoma aliteremka kitandani akajikuta anagusa sakafu. Nilitaka kumkumbatia. Kisha akasema mikono, ambayo nimeifanya lugha ya sayari nzima, iondoke. Wasomaji watachoka, eti watu wazima hawawezi kupungiana kitabu kizima kama wanaofukuza nzi. Niwavishe kofia zenye redio ndani waongee kama watu. Nikikubali, kitabu kinaingia mtamboni. Nikikataa, Juni ndiyo hiyo inakuja. Mjomba, nimechoka, na karibu nitakubali. Ni kofia tu.

Sasa hilo jingine. Nimeisoma barua yako ya mwisho kwa Mama, nilipofika kwenye ghala akaniambia nirudie. Akasema wewe uliwahi kugoma kwa sababu walitaka kukutoa kwenye vali siku moja tu. Leo umetolewa, na unasifu kivuli. Simu mbovu. Kuoga kila siku inapopigwa. Mama akalia, nami nikaelewa kabla hajasema. Mjomba, je, husikii?

Sikuulizi ili nikuhurumie. Nakuuliza kwa sababu mimi ni mpwa wako.

Mpwa wako


6 Juni

Mpwa,

Salamu utazipata siku nyingine.

Masikio ni yangu. La kulia limekwenda, la kushoto linafuata. Vizibo vya masikio vililetwa huku wakati mimi nimeshazeeka na ule mngurumo. Daktari amesema, wakubwa wamesikia, wakanipeleka ghalani. Simu naona inawaka, nikiiweka sikioni ni kama nimeweka sabuni. Nilimwambia mke wangu aseme naoga, na kosa lake ni kwamba hana uongo mwingine.

Sikukuambia kwa sababu niliona aibu. Watu wakijua husikii wanaanza kukusemea, wanakujibia hata kama unataka chai au hutaki. Wewe nilitaka uniandikie kama zamani, unitukane kidogo.

Sasa nisikilize. Unajua kwa nini niliipenda vali kuliko kazi zote? Kisima kikifunguliwa, wote tunakuwa sawa. Mwenye masikio mapya na mwenye masikio yangu, hakuna anayesikia, na maneno yote yanapita. Sijapata kuona mahali pengine duniani ambapo mimi sina upungufu. Ukaniandikia kwamba umepata sayari nzima ya namna hiyo. Nilisoma barua ile nikaenda kukaa nyuma ya nyumba ili mke wangu asione uso wangu.

Halafu unaniambia habari za kofia na redio. Ukiwavisha redio, mimi kwenye sayari yako ni kiziwi tena, wa kuwekwa ghalani. Usiwavishe. Wakikunyima kitabu, wakunyime, lakini usiwavishe.

Mjomba wako


3 Julai

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo, na ya tatu ni ya Mama ingawa yeye ni dada yako mkubwa. Kaa chini ndiyo usome.

Barua yako niliipata, nikaenda kwa mhariri siku hiyo hiyo nikiwa bado na koti la kazi lenye unga wa plasta. Mama akasema anakuja. Magoti yakapanda ngazi zote yakilalamika. Nikamwambia mhariri kofia sivai, yaani hawavai. Akaniambia anaielewa nia yangu, ila mazungumzo ya mikono hayana ladha, ni "njoo" na "nenda" basi. Ofisi yake ina ukuta wa kioo, na nyuma ya kioo ndiko Mama alikokuwa ameketi akisubiri.

Nikageuka, nikaona ametoa mikono chini ya kanga. Tangu tuhame sijaiona ikifanya vile. Akaniuliza huyu bwana anasemaje. Nikamjibu. Akauliza kama amekula, maana anaonekana kama mtu ambaye chakula chake hupikwa na mtu asiyempenda. Nikacheka. Akaniambia nisimame wima, akakumbusha siku ulipozima taa za mji mzima, akajivuta sikio, kisha akasema kitu kuhusu wewe, kwamba ulikuwa na mikono mizuri kuliko wote, na kwamba mikono haizibiki. Nikaweka kiganja kifuani.

Mhariri alikuwa amesimama muda wote, hajaketi. Akauliza, "Anasema nini?" Nikamwambia, "Mwanzoni alikuwa anakusema wewe." Akaomba tuendelee. Akamfungulia Mama mlango, akamwekea kiti, akataka kujua kila kidole kina kazi gani. Tulitoka pale jua limeshuka, na Mama amemfundisha kuomba chakula.

Mikono inabaki, Mjomba. Yote. Kitabu kimekwenda mtamboni leo, na ukurasa wa kwanza kabisa una mchoro wa kiganja kilichowekwa sakafuni.

Mpwa wako mwandishi


14 Novemba

Mwandishi wangu,

Marahaba yako na nyongeza. Watoto wa paka wamegawiwa, mmoja yuko ofisini kwa karani na sasa barua hazikai. Mke wangu amekusamehe kikapu. Anasema yule mama wa jiko la magurudumu ni yeye, na anataka kujua kwa nini umemwandika mnene.

Kitabu kimefika. Kinasomwa kantini wakati wa chakula, msomaji anatumia mdomo na mikono pamoja ili nami nifaidi. Umeleta ugomvi mkubwa. Fundi wa mabomba amekasirika, anadai bomba la sayari yako linavuja ukurasa mzima bila kuitwa fundi, na kwamba yeye asingevumilia uzembe huo hata huko juu. Wengine wanabishana kama kisima cha upande wa kaskazini kingeweza kweli kutoa mvuke mwingi hivyo. Hakuna anayesema ni hadithi. Wanakisoma kama ripoti ya kazi kutoka tawi jingine.

Nami nina habari yangu. Nilichukua kitabu nikaenda nacho kwa meneja. Nikamwambia mbele ya watu kwamba mimi ni kiziwi, na kwamba vijana wapya wanaoletwa hawaijui mikono, siku moja watamtia mtu kwenye mvuke. Akakifungua kitabu, akasoma kidogo akiwa amesimama. Tangu mwezi uliopita sipo ghalani. Kila asubuhi nasimama uwanjani nawafundisha mikono, na asiyejua kujivuta sikio hapandi kwenye vali.

Mwezi ujao tunafungua kisima kipya. Njoo ukizindue kitabu chako hapa, na huyo mhariri uje naye.

Mjomba wako, mwalimu


23 Novemba

Mjomba,

Shikamoo mwalimu. Hii ni fupi, nina meno ya watu yananisubiri. Tunakuja wote. Mama ameshafunga mizigo. Mhariri anauliza avae nini, nimemwambia lolote, ila akiwa jukwaani asiguse pua yake.

Mpwa wako


20 Desemba

Mpwa wangu,

Nyumba imepoa tangu mwondoke, ingawa sakafu bado ina joto. Mke wangu amekiangalia kikapu ulichorudisha, anasema si chenyewe, lakini ni kizuri kuliko chake na hasemi zaidi.

Nakuandikia ili jambo hili liwe kwenye karatasi, maana siku ile sikukuambia, na kituoni nilikuwa na haraka ya kuondoka kabla sijajiaibisha.

Ulipopanda jukwaani na kisima kikafunguliwa, nilimtazama mhariri wako. Aliziba masikio juu ya vizibo, mdomo wazi. Kisha mkono wake ukaanza kupanda kwenda puani, kijana wangu mpya akashika gurudumu la vali, nikamwonyesha kutoka chini kwamba huyo ni mgeni, amwache. Ndipo wewe ukainua mikono na kuanza sura ya mwisho.

Umekosea mahali pawili. Vidole vyako ni vizito, ni vya mtu wa kukaa. Lakini ulitusimulia wale watu wako walivyosimama bondeni kwenye sayari yao, mvuke umewazunguka, na yule mzee wa vali akipewa kufungua kisima cha kwanza. Wanawake wa kantini walikuwa wanalia kabla mhariri hajajua kuna cha kuliza. Fundi wa mabomba alilia pia, na bomba lilikuwa halivuji. Ulipomaliza, uwanja mzima ukaweka kiganja kifuani, mpaka meneja, mpaka vijana niliowafundisha miezi miwili tu. Mama yako alisimama bila kushika magoti. Nikatazama watu wote wale, nikajua hakuna hata mmoja aliyesikia zaidi yangu.

Miaka hii nimezoea kuinamisha kichwa, kugeuza sikio, kutazama midomo ya watu na kubahatisha. Siku ile sikuinama. Nilisimama wima nikayapata yote, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Nimesikia, mpwa wangu.

Mjomba wako

Tena, mwambie dada yangu kwamba jana alipopiga simu kuzungumza na mke wangu, akaambiwa naoga, safari hii nilikuwa naoga kweli.